Hela Zipo, Ila Kila Moja Ina Mlango Wake

Tumchukue nyanya mmoja wa kubuni, ingawa mwenye kuishi kati ya Kitale na Bungoma huenda akaona ni jirani yake. Ana miaka 66 na anakaa nje kidogo ya Kiminini, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye kupitia Kamukuywa na Misikhu. Binti yake alifariki. Mkwe alienda kutafuta kazi na tangu hapo hajatuma hata salamu. Wajukuu watatu wamebaki mikononi mwake. Wa kwanza yuko sekondari na karo ina deni. Wa pili hukosa shule siku za soko, akaenda mjini kusukuma mkokoteni. Wa tatu ana mtindio wa ubongo, na anayembeba mgongoni ni nyanya huyo huyo mwenye presha na sukari.

Muulize mtu wa serikali kama familia hii inasaidiwa, atakujibu ndiyo, na hatakuwa amesema uongo. Karo ya wa kwanza ina basari ya hazina ya eneobunge (CDF) kwa mbunge, basari ya kaunti kupitia kwa mwakilishi wa wadi (MCA), na fungu jingine kwa mwakilishi wa kike. Wa pili ni wa afisa wa watoto. Wa tatu apimwe hospitalini na jopo la madaktari, aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, halafu apelekwe kituo cha tathmini ya elimu ndipo itafutwe shule ya kumpokea. Mazoezi ya viungo ni hospitali ya rufaa, Kitale mjini. Dawa za nyanya ni zahanati, zikiwepo, na bima ya afya ni SHA. Pesa za Inua Jamii huanzia kwa chifu. Kila mlango una fomu yake, kila fomu inadai nakala za kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo, na kila nakala ni shilingi. Nauli ya boda kwa mtoto asiyeweza kukaa wima ni hadithi nyingine.

Kwa hiyo tatizo la familia ya namna hii si kwamba serikali haijatenga hela. Imetenga, tena kwa mafungu mengi. Ila mafungu hayo hayajuani, na kazi ya kuyajulisha ameachiwa mwanamke mmoja mwenye goti linalouma na bahasha ya kaki kwapani.

Shida mbili, hesabu moja

Inua Jamii ndio mpango mkubwa kuliko yote ya kuwapa fedha wenye uhitaji nchini. Ulianza kwa vipande: mayatima na watoto walio hatarini mwaka 2004, wazee miaka michache baadaye, kisha watu wenye ulemavu mkubwa mwaka 2011. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kimekuwa hapo kwa zaidi ya mwongo mmoja huku unga, sukari na mafuta ya taa vikipanda bei bila kuomba ruhusa ya mtu. Fungu la wazee lilifunguliwa mwaka 2018 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi. Nyanya wetu ana 66, hivyo hapo hayumo.

Yamebaki mafungu mawili, la mayatima na la ulemavu, na nyumba yake inafaa kwa yote mawili. Hapa ndipo utaona kichekesho cha mpango wenyewe. Kanuni za kuandikisha kaya katika mafungu hayo zilitungwa ili kaya iliyo katika fungu moja isiingie jingine. Mwandishi wa kanuni alikuwa na sababu: hela ni chache, foleni ni ndefu, na kuna wajanja wa kula huku na kule. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba nyumba yenye yatima na nyumba yenye yatima pamoja na mtoto asiyeweza kujilisha zinapokea 2,000 ile ile. Kanuni iliyonuiwa kumzuia mlaghai inamkamata yule ambaye shida zimemwandama kutoka pande mbili.

Panda kidogo kuelekea Mlima Elgon, upande wa Cheptais na Kopsiro katika Kaunti ya Bungoma, au kule Endebess na Saboti upande wa Trans Nzoia, utakuta fundo jingine. Kati ya 2006 na 2008 kundi la wapiganaji la SLDF lilichukua silaha kwa sababu ya mgogoro wa mashamba ya Chebyuk. Likaua na kuwafukuza wengi makwao. Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wengine walikamatwa wasionekane tena. Human Rights Watch iliandika habari za wake waliobaki nyuma. Mume hayupo, maiti haipo, kwa hiyo cheti cha kifo hakipo. Sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa amekufa baada ya miaka 7 ya kutosikika, lakini kufikia hapo kunahitaji karatasi, wakili na safari za mahakamani. Bila cheti, mtoto si yatima kwa macho ya fomu, na shamba la baba yake haliwezi kurithiwa. Mjane wa aina hii anahitaji usaidizi wa kisheria, karo, matibabu ya majeraha ya moyoni na mahali pa kulima, yote kwa pamoja. Mambo hayo manne yako katika ofisi nne, na hakuna hata moja kati yake ambayo kazi yake ni kumwangalia mtu mzima mzima.

Mtoto mmoja, serikali mbili

Katiba ya 2010 ndiyo iliyochora mipaka. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne, kaunti zina hospitali zao na zahanati, chekechea na vyuo vya ufundi. Shule za msingi na sekondari, pamoja na viwango vya hifadhi ya jamii, zimebaki Nairobi. Ukimweka yule mjukuu wa tatu mbele ya jedwali hilo, miguu yake ni ya gavana kwa sababu mazoezi ya viungo ni afya. Akili yake ni ya Wizara ya Elimu kwa sababu amefikisha umri wa shule. Pesa zake za mwezi ni za Idara ya Hifadhi ya Jamii. Kiti chake cha magurudumu ni cha Baraza la Watu Wenye Ulemavu. Kungekuwa na mtu wa kuviunganisha vipande hivyo, mgawanyo usingekuwa na ubaya.

Januari 2025 mambo yalikazwa zaidi. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitumia kaunti waraka akizitaka ziache kugharamia kazi zisizo zao, basari za sekondari na vyuo vikuu zikiwemo, mpaka kuwe na makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Magavana walipinga na suala likafika mahakamani. Kelele zilikuwa nyingi, na katika kelele hizo watu wengi hawakusikia maneno yaliyokuwa na uzito kuliko yote katika waraka: makubaliano rasmi. Nyakang'o hakusema kwamba hela haziwezi kuchanganywa. Alisema zisichanganywe kiholela. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali moja kuhamishia nyingine kazi yake, kifungu cha 189 kinazitaka zishirikiane na hata kuunda kamati za pamoja, na Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012 imetoa utaratibu. Njia ipo. Haipitwi.

Mbona haipitwi? Nitasema ninavyoona. Basari ya Kenya ina uso. Siku ya kugawa hundi huwa na hema, viti vya plastiki, wimbo wa shule na hotuba mbili tatu. Ile hundi kubwa ya kadibodi hupigwa picha ikiwa imeshikwa pande mbili, na picha hiyo ndiyo itakayorudi wakati wa kampeni. Hela zilizochanganywa hazina uso. Mbunge akiweka milioni moja, kaunti milioni moja na idara ya watoto milioni moja katika chungu kimoja, nani atashika hundi? Bungoma ina wabunge 9 wa maeneobunge na wadi 45. Trans Nzoia ina maeneobunge 5 na wadi 25. Hao wote wana kitu cha kupoteza mtoto akilipiwa karo bila kujua amelipiwa na nani.

Mahakama nayo imeongeza wasiwasi. Mnamo Septemba 20, 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya CDF ya 2015 inakwenda kinyume na Katiba, na ikaipa hazina hiyo hadi Juni 30, 2026. Wabunge walikata rufaa, na mwaka 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo, pamoja na ile ya wawakilishi wa kike, ndani ya Katiba yenyewe. Vyovyote mzozo utakavyokwisha, ni wazi kwamba mjadala mzima umekuwa juu ya nani ashike kamba ya mfuko. Familia ambayo mfuko huo ulitengenezwa kwa ajili yake hutajwa kama shahidi tu.

Waingereza walijaribu

Wazo la kuchanga mafungu ya umma kwa ajili ya familia zenye shida nyingi si geni. Oktoba 2010 serikali ya Uingereza ilitangaza maeneo 16, miongoni mwao Birmingham, Bradford na Hull, ambako halmashauri, polisi, afya na ajira wangeunganisha bajeti zao kwa familia za aina hiyo. Mwaka uliofuata, baada ya ghasia za Agosti, Waziri Mkuu David Cameron aliupanua mpango huo: familia 120,000, mfanyakazi mmoja kwa kila familia, na hadi pauni 4,000 kwa halmashauri kwa kila familia itakayobadilika. Halmashauri ziliripoti kwamba karibu familia zote zimebadilika. Tathmini huru ya mwaka 2016 haikuona tofauti ya maana kati ya familia hizo na nyingine zilizofanana nazo ambazo hazikuwa mpangoni. Ukimlipa mtu kwa kila tiki, utapata tiki.

Kuna kisa kingine cha huko ninachokipenda zaidi, kwa kuwa kinatufundisha jinsi tunavyotofautiana nao. Katika mji wa Swindon, Hilary Cottam na wenzake walikaa na familia ambazo kwa moja tu serikali ilikuwa ikitumia kiasi cha pauni 250,000 kwa mwaka na hakuna kilichobadilika. Maafisa walikuwa wengi hata wakawa wanakanyagana, na muda wao mwingi uliishia kwenye makaratasi. Kule, kuunganisha bajeti kulikuwa na maana ya kupunguza msongamano mlangoni. Kwetu mlangoni hakuna msongamano. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ana eneo kubwa, kesi za unajisi, za kutelekezwa, za watoto wa mitaani na za mahakama, na mara nyingi hana mafuta ya gari, kama gari lenyewe lipo. Mwenye kuchukua mfano wa Swindon na kuupachika Kanduyi atakuwa ameleta dawa ya mtu aliyevimbiwa kwa mwenye njaa. Sisi tuunganishe ili kwanza apatikane mtu mmoja wa kufika nyumbani.

Na mtu huyo tunaye. Septemba 25, 2023, serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa, simu na kaya 100 hivi za kutembelea. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi: 2,500 kutoka serikali ya kitaifa na 2,500 kutoka kaunti. Wanaosema kwamba serikali hizi mbili haziwezi kula sahani moja wamsikilize mhamasishaji wa Sirisia au wa Kwanza. Kila mwezi mkono wake unapokea kutoka pande mbili kwa kazi moja. Mpango una kasoro. Katika kaunti kadhaa upande mmoja umekuwa ukichelewa na wahamasishaji wameandamana wakidai malimbikizo. Shilingi 5,000 nazo si mshahara kwa mtu anayepanda na kushuka vilima vya Kimilili. Lakini ndiye pekee katika muundo wote wa serikali ambaye kazi yake inaanza na nyumba. Anajua nani analala njaa. Anajua mtoto gani amefungiwa chumbani kwa sababu ya ulemavu na chifu hajaambiwa.

Tena eneo hili lina historia ya kujifunzia. Mwaka 2012, katika Kaunti ya Busia, mpango wa AMPATH ulioko Eldoret, unaowashirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, ulianzisha vikundi vya wajawazito na wenye watoto wachanga vilivyoitwa Chama cha MamaToto. Wahudumu wa afya wa kijiji waliviongoza. Akina mama walikutana, wakafundishwa habari za kliniki, kunyonyesha, uzazi wa mpango na fedha, na waliotaka wakaweka akiba na kukopeshana pale pale mezani. Miaka mitano baadaye vikundi vya aina hiyo vilifanyiwa majaribio ya kisayansi Trans Nzoia, vijiji vyenye vikundi vikilinganishwa na vijiji ambavyo akina mama walitembelewa nyumbani tu. Wenye vikundi walijifungulia hospitalini kwa wingi zaidi. Sababu si ngumu kuielewa kwa mtu aliyewahi kukaa katika chama: ukikosa kufika, kuna mwenzako atakayekuja kuuliza kulikoni, na akija atakuta pia kwamba paa linavuja.

Majirani wa Kakamega walipita njia nyingine. Tangu 2013, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya na kwa ushirikiano na UNICEF, mama mwenye uhitaji alilipwa shilingi 2,000 kila alipofika kliniki kwa hatua zilizopangwa, mara 6 tangu ujauzito hadi mtoto apitie chanjo. Hela za kaunti na za mfadhili zilikutana katika simu ya mama mmoja, na baadaye kaunti ikautungia mpango huo sheria yake. Mambo ya Kakamega yana wakosoaji wake na nafasi hii haitoshi kuyachambua. Linalonihusu ni hilo la sheria: jambo lililoandikwa katika sheria ya kaunti huwa gumu zaidi kwa gavana ajaye kulitupa.

Chungu cha wadi

Sasa tufanye hesabu, na isomwe kama hesabu ya mfano. Tuseme kila wadi ya Trans Nzoia ina chungu cha shilingi milioni 4 kwa mwaka, zilizochangwa na kaunti, na hazina ya eneobunge au chochote kitakachoirithi, na idara ya watoto. Kwa wadi 25 hizo ni milioni 100. Kwa wadi 45 za Bungoma ni milioni 180. Chungu kimoja kikihudumia familia 100, kila moja ina shilingi 40,000 za mwaka. Ukiweka kando ya 24,000 za Inua Jamii, utaona si utajiri. Inatosha nauli za kliniki, michango ya SHA, sare, godoro, na pengine mbuzi wawili. Haitoshi karo ya shule ya bweni, kwa hiyo basari ziendelee na njia yake. Mimi ningeziacha kabisa nje ya chungu hiki, maana zikiingia zitakimeza kabla ya muhula wa kwanza kuisha.

Kinachonunuliwa hasa na hela hizo ni ruhusa. Leo afisa wa watoto akikuta kwamba mtoto haendi shule kwa sababu nyanya yake hana mtu wa kumshikia yule mlemavu, hana fungu la kulipa mlezi wa nusu siku, kwa sababu mlezi wa nusu siku si "watoto", wala si "afya", wala si "elimu". Hela isiyo na jina la idara ndiyo pekee inayoweza kuziba pengo kama hilo.

Ila pesa isiyo na jina pia ndiyo inayoibika kwa urahisi. Tusijidanganye. Orodha ya familia 100 ikitengenezwa ofisini, tutakuta ndani yake shangazi wa karani na wapiga debe wa MCA. Orodha isomwe barazani? Hapo nako kuna tatizo: hakuna mama anayetaka majirani wasikie kwamba mwanawe ana virusi au kwamba bintiye alinajisiwa na mjomba. Kwa maoni yangu yatangazwe idadi na kiasi, kijiji kwa kijiji, huku majina yakibaki kwa mhamasishaji, afisa wa watoto na mkaguzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo hata kabla ya heshima ya kawaida kudai. Tusiwaige Waingereza kwa kulipa maafisa kwa kila familia "iliyobadilika", kwani mtoto mwenye mtindio wa ubongo hatabadilika ili kumfurahisha mhasibu. Atabaki akihitaji kubebwa, huku akizidi kuwa mzito kila mwaka.

Swali la nani aketi mezani limekwisha kujibiwa nusu. Sheria ya Watoto ya 2022 inazitaka kaunti ziwe na kamati za ushauri za watoto, zenye watu wa idara mbalimbali ndani yake. Kamati hizo zina kalamu, daftari na chai ya saa nne. Hazina mfuko. Sheria hiyo hiyo imeanzisha Mfuko wa Ustawi wa Watoto katika ngazi ya taifa. Kuunganisha kamati na mfuko hakuhitaji sheria mpya, kunahitaji makubaliano ya kiserikali ya kurasa chache, yale yale aliyoyadai Nyakang'o.

Kalenda ya bajeti haimsubiri mtu. Kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge lake kabla ya Septemba 1, karatasi ya mwelekeo wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio kabla ya Aprili 30. Katika hatua hizo wananchi huitwa kutoa maoni, na katika mikutano mingi ya hapa kwetu maoni ni barabara, daraja na taa ya soko. Wanaoyatoa ni wanaume walioacha pikipiki nje. Nyanya wa Kiminini hawezi kufika, hana wa kumwachia mtoto. Mhamasishaji wake anaweza. Analipwa na serikali zote mbili, na hakuna kanuni inayomkataza kusimama na kuuliza kamati ya bajeti, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, fungu la kaya zake 100 liko ukurasa gani.